Nyanya Zilizokosa Pole

Nchi ninayoisimulia haipo, na wanaoishi humo wanalijua hilo kuliko mimi. Msomaji akiona humu kitu kinachofanana na kwao, kosa ni la macho yake, akapimwe. Mimi sina ugomvi na serikali yoyote. Nyumbani nina picha ya Mkuu wa Nchi ukutani, na nyingine tupu ya akiba, fremu tu, kwa ajili ya yeyote atakayemfuata. Kila asubuhi nazitazama zote mbili kwa heshima kabla ya kunywa chai.

Basi, nchi hiyo ilikuwa na milima yenye baridi, na watu wa milimani walikuwa wakulima wa nyanya. Walipanda nyanya kwa sababu babu zao walipanda nyanya, na babu zao walipanda kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba nyanya haipendi kulowa. Kila mwaka mvua za baridi zilishuka, ukungu ukakaa bondeni kama mgeni asiyeaga, na nyuma yake likaja baka.

Baka ni ugonjwa wa nyanya. Huanza na doa moja kwenye jani, la rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Ukiligeuza jani unaona unga mweupe chini yake. Kufumba na kufumbua bua limekuwa jeusi, tunda limepiga doa gumu la kahawia, na shamba zima limelala kama limemwagiwa maji ya moto. Halafu linanuka. Harufu ya nyanya elfu zinazooza kwa pamoja ni kitu ambacho simtakii hata adui yangu, na nina maadui wawili watatu wanaostahili.

Nchi nyingine zingepeleka mabwana shamba. Nchi hii ilikuwa na hekima zaidi. Mabwana shamba waliwahi kuwepo, lakini iligundulika wana tabia mbaya ya kuuliza dawa iko wapi, wakastaafishwa kwa manufaa ya umma. Mahali pao ikaundwa Wizara ya Pole. Ilikuwa wizara kamili, si ya kubahatisha: ilikuwa na Idara ya Kuguna, Idara ya Kutikisa Kichwa, na Kitengo cha Machozi ya Dharura ambacho kilikuwa na magari yake. Kila msimu wa baka Waziri alipanda milimani na msafara mrefu, akasimama kwenye kingo za mashamba yaliyokufa, akawapa wakulima pole ya taifa. Wakulima walifarijika. Si kila nchi ina waziri mzima wa kukusikitikia.

Lakini nisiwanyime wananchi haki yao. Na wao walikuwa na pole yao, kongwe kuliko Wizara. Kule milimani kila nyumba imekaa kwenye mgongo wake wa mlima, na kwenda kwa jirani ni kushuka bonde zima na kupanda jingine. Mwaka mzima kila mtu ameinama shambani kwake. Baka likishapita, kazi imekwisha, na hapo ndipo watu huanza kwenda pole. Mwenye shamba lililokufa hutandika mikeka na kuzima moto wake, maana ni mwiko mfiwa wa shamba kuwasha jiko. Wageni huja na vyungu vyao, wakawasha wao, wakapika wao. Chakula kikiwa jikoni huzungushwa shambani, mikono nyuma, wakiguna. Kisha hukaa, na wakishakaa hawaondoki upesi. Kwenye mikeka hiyo ndiko wasichana walikoposwa, mashemeji wakapatana, na waongo wakapata wasikilizaji. Kesho wanahamia mgongo mwingine. Ukimuuliza mtu wa huko anapenda msimu gani, atakujibu kwa adabu kwamba misimu yote ni ya Mungu, lakini utamwona anaangalia mawingu.

*

Kwenye mgongo wa mwisho kabisa, ambako njia huchoka ikawa majani tu, aliishi Bi Nakundwa. Alikuwa mjane. Mumewe, Seriwa, alifariki wakati wa kiangazi. Watoto wao walikuwa mji mkuu, wakifanya kazi za mji mkuu, yaani za kutafuta kazi. Walimpigia simu sikukuu hadi sikukuu.

Miaka mingi kabla ya hapo Bi Nakundwa aliona kitu. Baka lilikuwa limeua shamba lote, isipokuwa shina moja karibu na chemchemi, mahali ambapo vinyanya vya mwituni, vile vidogo vidogo vya ndege, vilikuwa vimejipenyeza na kuchanganyika na nyanya zake. Akachuma matunda ya shina lile, akazikamua mbegu, akazilaza kwenye maji mpaka ute ukatoka, akazianika. Mwaka uliofuata akazipanda. Nyingi zikafa. Zilizobaki akazitunza mbegu zake, akapanda tena. Hakuwa na elimu wala siri yoyote. Alikuwa na ubishi. Seriwa alimcheka, kila mwaka kicheko kilekile, na kila mwaka alimsaidia kuchimba mashimo.

Na mwaka ule Seriwa alipokufa, mvua za baridi zikaja, baka likaja, likala mgongo hadi mgongo. Likafika kwa Bi Nakundwa, likagusa majani, likashindwa. Asubuhi alitoka nje akakuta shamba lake limesimama lote, kijani kibichi, matunda yanang'aa kwa umande.

Alipiga kelele ya furaha. Kisha akageuka ili amwambie mtu, na hapakuwa na mtu.

Alifagia ua. Akatandika mikeka kwa mazoea tu, akakaa kungoja. Watu walianza kupita njiani na vyungu vichwani, wakienda kwa wenye msiba. Walimsalimu vizuri. Mmoja alimsifia shamba, tena kwa sauti ya mtu anayesifia jeneza la tajiri. Hakuna aliyeingia.

Mwishowe akapita Bi Ruzuna. Hao wawili walikuwa marafiki tangu usichana, walisukana nywele, walichezwa ngoma pamoja, wakaolewa mwezi mmoja.

"Karibu, Ruzuna."

"Nimepita tu, dada. Nawahi kwa kina Semboja, shamba lote limelala."

"Ingia basi unywe hata maji."

Ruzuna akalitazama shamba lililosimama. Akahamisha chungu kutoka bega hili kwenda lile. "Nikikaa kwako nikupe pole ya nini, Nakundwa? Watu watasema nakuchuria."

"Nipe pole ya Seriwa."

"Ya Seriwa tulishakupa."

Na ni kweli, walishampa. Bi Nakundwa akaingia ndani, akatoka na fundo la mbegu kwenye kitambaa. "Basi chukua hizi. Panda. Mwakani na lako litasimama."

Ruzuna alilishika lile fundo, akalipima mkononi, akalirudisha.

"Halafu msimu ukija," akasema, "mimi nitakaa na nani?"

Msomaji usiwalaumu. Ni rahisi kulaumu watu ukiwa umekaa na wenzio.

*

Mwaka wa pili ulipofika, Bi Nakundwa alifanya jambo ambalo sheria za nchi ile hazikuwa zimeliota. Alipoona mashamba ya wenzake yamekufa na lake, kwa inda yake, bado limenawiri, alikwangua masizi kwenye vyungu vyote vya nyumbani, akayachanganya na majivu na maji kidogo, akaingia shambani na kitambaa. Akapaka shina baada ya shina. Majani akayakunjakunja ili yaonekane yamenyong'onyea. Jioni shamba lilikuwa bovu la kupendeza. Akazima moto, akatandika mikeka, akakaa chini na kujaribu uso wa huzuni. Haukumpa shida.

Watu wakaja. Ee, walikuja! Hata waliokuwa na mashaka walikuja kwa haraka, maana habari kwamba baka limempata na Nakundwa iliwapa raha fulani ambayo walikwenda kuificha kwenye vyungu. Bi Ruzuna alifika wa kwanza. Alimkumbatia mlangoni, wakalia wote wawili, na kilio kile kilikuwa cha kweli kila upande. Ruzuna akawasha jiko kwa mkono wake. Maharage yakabandikwa. Kina Semboja wakaleta ndizi na habari za binti yao aliyekataa mchumba kwa sababu ana miguu mirefu. Watu wakacheka mpaka wakakumbuka wako pole, wakaguna kidogo, wakacheka tena. Mtu mmoja akamtaja Seriwa na ule ukaidi wake wa kuvaa koti la mvua wakati wa jua, na Bi Nakundwa akasikia jina la mumewe likitoka kinywani mwa mtu mwingine. Alilisikiliza kama mtu anayesikiliza mlango ukigongwa.

Kisha yakaanza manyunyu.

Ilikuwa zamu ya kuzungushwa shambani. Wageni walijipanga, mikono nyuma, wakaingia kati ya matuta. Manyunyu yakazidi. Bwana Semboja alikuwa anaguna vizuri sana, mguno wa mtu mwenye uzoefu, mara akanyamaza katikati. Mbele yake tone lilikuwa limeshuka juu ya jani jeusi na kuacha mstari wa kijani. Likashuka la pili. Shamba zima likaanza kupona mbele ya macho yao, na maji meusi yakatiririka mpaka miguuni pa wageni.

Nadhani wangemtukana ingekuwa nafuu. Walirudi uani, kila mmoja akachukua chungu chake. Maharage yalikuwa hayajaiva. Bi Ruzuna alikiepua chungu na moto ukiwa bado unawaka, akakishika kwa pindo la khanga, akaondoka nacho kikifuka kichwani.

"Ruzuna," Bi Nakundwa akamwita, "nilitaka mje tu."

Ruzuna hakugeuka.

*

Kijiji kile kilikuwa na mtendaji, Bwana Chambulila, mtu mwembamba mwenye kipaza sauti kikubwa. Alifungua shauri siku hiyohiyo. Kosa: kughushi msiba na kujipatia rambirambi kwa udanganyifu. Shauri likapanda wilayani, likapanda mkoani, na kila ngazi iliposhindwa kujua adhabu yake ililipandisha juu, mpaka likaangukia meza ya Waziri wa Pole, Mheshimiwa Daktari Profesa Mhandisi Kitundu Bulugu.

Waziri alilisoma akakunja uso. Hakukerwa na masizi. Yeye mwenyewe alikuwa na idara nzima ya mambo hayo. Kilichomkosesha raha ni yale majani ya kijani chini ya masizi.

Akapanda mlimani. Msafara ulikuwa mrefu kiasi kwamba magari ya mwisho yalikuwa bado yanatoka mjini wakati ya kwanza yanatafuta pa kugeuzia. Watu wakakusanywa, wakapangwa kwa urefu ili picha itoke vizuri. Bi Nakundwa akasimamishwa mbele, karibu na nyanya zake, akisubiri kufungwa. Waziri akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Nimezunguka nchi hii mashariki na magharibi. Nimetoa pole kwenye mafuriko, nimetoa pole kwenye ukame, nimetoa pole mahali ambapo hapakuwa na tatizo lolote mpaka nilipofika. Leo, kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu, nimesimama hapa nikiwa na pole mkononi, na pole yangu haina pa kutua!"

Watu wakapiga makofi. Idara ya Kuguna ikaguna, ikakanywa kwamba si hapo.

"Je, mwanamke huyu ameikataa pole ya serikali? Kuna waliosema hivyo. Mimi nikawaambia, hapana! Tusiwe na haraka. Nyanya hizi zimesimama kwa sababu gani? Zimesimama kwa sababu zilisikia kwamba nakuja!"

Makofi yakawa makubwa zaidi. Akatangaza kwamba kuanzia hapo Bi Nakundwa ni Shujaa wa Taifa, na nyanya zake ni Nyanya za Taifa, na shauri la masizi limefutwa kwa huruma ya Mkuu wa Nchi, ambaye alikuwa hajaambiwa.

Bi Nakundwa akapewa nafasi ya kushukuru. Alishukuru. Kisha akasema, "Mheshimiwa, naomba kitu kimoja. Naomba niruhusiwe kuwagawia wenzangu mbegu. Safari hii nadhani ukisema wewe watazipanda. Wakiwa nazo wote, tutakuwa sawa."

Waziri alicheka. Mshauri wake akamnong'oneza sikioni, kicheko kikaisha. Maana hesabu yake ilikuwa rahisi: mashamba yote yakisimama, Wizara ya Pole itampa nani pole? Watakula wapi wale wa Kutikisa Kichwa, watu wazima wenye familia?

"Mama," akasema kwa upole aliosomea, "mbegu hizi ni siri ya taifa. Zitatunzwa. Na ili zitunzwe, wataalamu wetu wameniarifu kwamba baka husambazwa na watu: kwa viatu, kwa mikono, na kwa nguo. Kwa hiyo, kuanzia leo, hakuna mtu yeyote kusogelea shamba hili wala nyumba hii."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza serikali ya nchi ile kutamka jambo la kweli kuhusu nyanya.

"Na mimi, Mheshimiwa?"

"Wewe, mama," Waziri akasema, "umehesabiwa kuwa sehemu ya mmea."

*

Wakazungushia seng'enge. Wakaweka bango lenye uso wa Bi Nakundwa akitabasamu, uso uliochukuliwa kwa mwanamke mwingine kwa sababu wake haukuwa na meno ya kutosha. Wakaweka na mlinzi langoni, Koplo Matimbwi, kijana mnene mwenye haya, aliyepewa amri ya kutozungumza na mmea.

"Umeamkaje, mwanangu?" Bi Nakundwa alimuuliza.

Koplo akatikisa kichwa kwamba ameamka vizuri. Bwana Chambulila alipita, akaona, akaripoti. Ikaja amri ya nyongeza kwamba kutikisa kichwa ni kazi ya idara husika. Tangu hapo Koplo akawa anamtazama tu, na alipozidiwa na huruma alimpa mgongo.

Chakula kililetwa na gari la serikali, kikawekwa langoni. Hakikuwa kibaya. Kilikuwa kingi hata, kama cha mtu anayetarajia wageni.

Usiku alisikiliza redio, na hapo ndipo alipojua habari zake. "Shujaa wetu Bi Nakundwa," redio ilisema, "leo ameamka mwenye furaha na anawasalimu wananchi wote." Alifurahi kusikia kwamba alikuwa amefurahi. Siku nyingine redio ilisema amepokea wageni mashuhuri, naye akatoka nje kuchungulia kama wapo. Watoto wake walisikia redio hiyohiyo kule mjini. Wakaona mama yao ameshakuwa mtu wa watu, hana nafasi, wakaacha kupiga simu ili wasimsumbue.

Nitasema wazi, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kulisema: alikuwa mpweke, upweke wa kuuma mifupa. Alikuwa anaweka vikombe viwili mezani na kurudisha kimoja kabatini, na kukirudisha kule ndiko kulikomchosha kuliko kulima. Shamba lilimpa nyanya nzuri kupita zote zilizowahi kuliwa milimani, na alizila kwa chumvi, amesimama mlangoni, akitazama migongo ya wenzake ng'ambo ya bonde.

*

Mvua za baridi zikarudi. Baka nalo likarudi, safari hii kali zaidi, na wataalamu wachache waliobaki walinong'ona kwamba limebadilika tabia, kwamba ugonjwa nao hujifunza. Mashamba ya chini yakateketea.

Wizara ikaona ni wakati mwafaka wa kuhakikisha Nyanya za Taifa ziko salama. Ikatuma Kamati ya Ukaguzi wa Usafi. Wajumbe walikuwa watu makini. Walipita kwanza kwenye mashamba yote yaliyokufa, ili wapate picha ya hali halisi, wakakanyaga majani yaliyooza, wakashika mabua meusi kwa mikono yao, wakafuta mikono kwenye makoti. Kisha wakapanda moja kwa moja kwa Bi Nakundwa na buti zao zina tope la vijiji vyote. Langoni walimwagiza Koplo afute viatu vyake. Wakaingia, wakapita tuta hadi tuta wakigeuza kila jani, wakaandika kwamba usafi ni wa kiwango cha juu, wakala, wakaondoka.

Haukupita muda. Asubuhi moja Bi Nakundwa alikuta doa kwenye jani, rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Akaligeuza jani. Chini palikuwa na unga mweupe. Alilipaka mate akasugua kwa kidole. Halikutoka.

Akakaa chini palepale kwenye tuta. Miaka yote ile ya ubishi, na kicheko cha Seriwa, na mashimo waliyochimba pamoja, vyote vilikuwa vinaondoka, na alivililia. Kisha, machozi yakiwa bado usoni, akaanza kutabasamu. Akainuka haraka kwa umri wake. Alikuwa na mambo mengi ya kufanya. Alifagia ua, akaosha vikombe vyote. Akatoa mikeka, hata ile ya akiba, akaikung'uta. Akamwaga maji kwenye jiko, moto ukazimika. Shamba lilipokwisha kulala lote, jeusi, linanuka, baka halisi lisilo na deni kwa masizi ya mtu, alikwenda langoni.

"Mwanangu," akamwambia Koplo Matimbwi, "shamba limekufa. Niitie watu."

Koplo akageuka. Alilitazama shamba kwa muda mrefu. Kisha akavunja amri.

"Mama," akasema, "mimi hiki sijaruhusiwa kukiona."

Lakini aliripoti, masikini, maana hakujua afanye nini kingine. Bwana Chambulila akaja mbio, akaangalia, akakaa chini juu ya kipaza sauti chake. Nyanya za Taifa! Tayari zilikuwa kwenye stempu. Tayari Mkuu wa Nchi alikuwa ameahidi kuzitaja ng'ambo. Habari ikapanda ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikiipandisha upesi kama kaa la moto, na jibu likashuka jioni yake. Bwana Chambulila akalitangaza kwa kipaza sauti, mgongo hadi mgongo:

"Wananchi mnatangaziwa! Nyanya za Taifa haziugui! Rangi nyeusi inayoonekana ni ukomavu wa ngazi ya juu! Harufu inayosikika ni harufu ya mafanikio! Yeyote atakayempa Bi Nakundwa pole atahesabiwa kuwa ametangaza msiba wa uongo dhidi ya taifa, na atafungwa! Neno linaloruhusiwa ni hongera! Narudia, hongera, tena kutokea nje ya seng'enge!"

Bi Nakundwa aliyasikia yote akiwa amekaa mkekani. Alidhani kwamba hata hivyo watakuja.

Hawakuja. Wakawa wanapita njia ya chini, na vyungu, kwenda kwa wengine. Wengine waliogopa kufungwa. Wengine walisema, tulishadanganywa mara moja, tusubiri mvua tuone kama shamba litatakata. Mvua ikanyesha, na shamba halikutakata, lakini toka lini mtu akaja kuangalia?

Yeye hakuwasha moto. Mwiko ni mwiko. Chakula cha serikali kilikuwa kimesimama, maana shujaa ambaye mazao yake yamefikia ukomavu wa ngazi ya juu hahitaji msaada. Alikaa na baridi yake, amejifunika khanga mbili, vikombe vimepangwa mbele yake vinakusanya maji ya paa. Redio ilisema amefurahi kupita kiasi. Aliizima.

*

Bi Ruzuna alikuwa anapalilia vitunguu alipoona kwamba ng'ambo ya bonde hakuna moshi. Akaangalia tena kesho yake. Hakuuliza mtu. Alibandika maharage, akayangoja yakaiva kabisa, akafunga chungu kwa jani la mgomba, akashuka bonde na kupanda jingine. Magoti yalimuuma njia nzima na aliyatukana njia nzima.

Langoni Koplo Matimbwi akamzuia. Bwana Chambulila naye alikuwepo, kwa sababu watu kama Bwana Chambulila huwa wapo.

"Bibi, umekuja kufanya nini hapa?"

"Nimekuja kumpa hongera," Bi Ruzuna akasema.

Bwana Chambulila akamtazama kuanzia miguu yenye tope mpaka chungu. Hakuona kosa. "Hongera inaruhusiwa. Lakini huingii. Na iwe ya kusikika."

Bi Ruzuna akakaa chini kwenye majani yaliyolowa, nje ya seng'enge. Ndani, Bi Nakundwa aliinuka kwa shida, akauburuta mkeka wake mpaka kwenye waya, akakaa upande wake. Magoti yao yalikaribia kugusana. Alikuwa amekonda sana, na Ruzuna alipoona hivyo alishika waya kwa mikono miwili. Koplo aliwapa mgongo.

"Hongera, Nakundwa," Ruzuna akasema. "Hongera sana, dada yangu. Hongera kwa shamba lote hili. Hongera kwa njaa, na baridi, na kukaa peke yako wakati wote huu, na mimi nakuona ng'ambo pale na siji."

Bwana Chambulila alitikisa kichwa kwa kuridhika, akihesabu hongera.

Bi Nakundwa akapitisha vidole kwenye tundu za seng'enge, akamshika mwenzake mkono.

"Nimeshapoa," akasema.